Kumsindikiza mgonjwa: mwongozo kamili wa kazi ya kiungo wa jamii kwenye kliniki ya daktari wa familia

Mama mmoja alikuja kliniki yetu mara tisa kwa sababu ya kichwa. Kila mara daktari alimpima presha, akamwangalia macho, akamwandikia vidonge, dakika 10 zikaisha. Mara ya kumi akaletwa kwangu. Nikamwuliza analala wapi. "Sebuleni kwenye kochi," akajibu, "chumbani ukuta unatoka maji na umeota weusi." Alikuwa analala kwenye kochi tangu Oktoba. Siku hiyo tulikuwa Februari.

Kichwa chake hakikuwa cha kusingizia. Ila dawa yake ilikuwa kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa hapokei simu.

Kushughulikia mambo ya namna hiyo ndiyo kazi ninayoifanya hapa Glasgow. Kwenye matangazo ya kazi ya Scotland utaiona kwa jina la Community Links Worker, na England ni Social Prescribing Link Worker. Mimi naiita kazi ya kiungo. Mpenzi wa mpira ananielewa upesi: kiungo si lazima afunge, kazi yake ni kuupokea mpira kwa mabeki na kumfikishia aliye kwenye nafasi. Kile anachoandika daktari anapomtuma mtu kwangu, tukiite cheti cha jamii. Hakina jina la dawa. Kinaweza kuishia kwa mshauri wa madeni, kwenye kwaya, darasa la Kiingereza, bustani ya mboga ya mtaa au ofisi ya shirika la nyumba.

Mwongozo huu ni wa Mswahili aliye Uingereza anayetaka kuingia kazi hii, au aliyeanza juzi na bado anajiuliza aanzie wapi. Nimeuandika kwa jinsi Scotland ilivyo. England mambo mengi yanafanana, lakini majina ya posho na ya ofisi hutofautiana.

Ilikotoka, na utafiti mmoja wa kuujua

Mashariki mwa London, mchungaji Andrew Mawson alianza mwaka 1984 kazi iliyozaa kituo cha Bromley by Bow, ambako baadaye daktari, bustani, sanaa na ushauri wa kazi viliwekwa mahali pamoja. Serikali ilichelewa kufuata. Januari 2019 mpango wa muda mrefu wa NHS ya England, yaani huduma ya afya ya taifa, ndipo ulipoweka lengo la kuajiri viungo zaidi ya 1,000.

Scotland ilipita njia yake. Mwaka 2009 madaktari wa kliniki 100 zinazohudumia watu maskini kuliko wote nchini waliungana, wakajiita Deep End, yaani ule upande wa bwawa la kuogelea ambako miguu haigusi chini. Wengi wao wako Glasgow. Kilio chao alikuwa amekwisha kukiandika Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, kwenye jarida la The Lancet mwaka 1971: huduma nzuri hupungua kadiri uhitaji unavyozidi. Mwaka 2014 kliniki 7 za Glasgow zikapewa kila moja kiungo wake.

Watafiti wakafuatilia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019, na nakushauri uyajue kabla hujaingia kwenye usaili, maana wanaoisifu kazi hii huyasoma nusu. Kliniki 7 zenye kiungo zililinganishwa na 8 zisizo naye. Baada ya miezi 9, ukiwahesabu wote waliopewa rufaa, hakukuwa na tofauti ya maana. Lakini wale waliomwona kiungo mara 3 au zaidi, ambao hawakufika nusu, walikuwa na nafuu: wasiwasi na huzuni vilipungua, na mwili waliutumikisha zaidi. Utaweza kubisha kwamba mwenye nguvu za kurudi mara tatu ndiye aliyekuwa anaelekea kupona hata hivyo. Nami nabisha hivyo hivyo siku nyingine. Hata hivyo kazi yangu yote nimeipanga juu ya swali moja: nifanye nini ili huyu arudi mara ya tatu?

Hatua ya 1: Makaratasi yako

Cheti cha chuo kikuu si lazima kila mahali. Wanachotaka ni mtu aliyewahi kufanya kazi na watu walioelemewa: ustawi wa jamii, vijana, kanisa, msikiti, ushauri wa madeni, hata kutunza wazee. Utahitaji uanachama wa PVG, ule ukaguzi wa rekodi unaofanywa na Disclosure Scotland. Tangu Aprili 2025 ni sharti la kisheria kwa kazi za aina hii, usianze bila huo. Mara nyingi mwajiri wako atakuwa shirika la hisani na kliniki ni mahali unapokaa tu, kwa hiyo uliza mapema nani anakusimamia, kila baada ya muda gani, na fedha za nafasi yako zinaisha lini. Kwenye kazi hii mikataba mifupi ndiyo kawaida, na mtu unayemhudumia ana haki ya kiungo asiyetoweka Machi, mwaka wa fedha unapofungwa.

Hatua ya 2: Tembea mtaa kabla ya kupokea rufaa hata moja

Omba wiki mbili. Msimamizi akikataa, omba moja. Kuna orodha za mtandaoni za huduma zote za Scotland, ALISS ikiwa mojawapo, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila orodha haikuambii kwamba kengele ya mlango imeharibika tangu kiangazi. Nenda mwenyewe. Ingia, jitambulishe, kunywa chai yao.

Kila mahali naandika mambo yale yale kwenye daftari: mlango uko upande gani, kuna ngazi ngapi, mtoto mchanga anaruhusiwa, kuna kiingilio, basi namba ngapi, na nani anafungua mlango. Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: "Chakula cha mchana, Jumatano, ukumbi wa kanisa. Mlango ni wa nyuma, kwenye mapipa. Bibi mwenye miwani ya kamba ndiye mwenye neno. Supu mara nyingi ina nguruwe, uliza. Hawaulizi barua ya benefiti. Joto zuri." Hiyo sentensi ya mwisho ina uzito kuliko zote. Desemba jua la Glasgow huzama saa kumi kasorobo jioni, na mwenye mita ya umeme ya kulipia kabla, ile ile habari ya Luku, huchagua kati ya kupika na kuwasha hita.

Usiandike mashirika peke yake. Kinyozi anayezungumza na kila mtu aandikwe. Duka la Mghana lenye unga na dagaa liandikwe. Parkrun, zile mbio za bure za kilomita 5 kila Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, nazo ziandikwe, pamoja na maelezo kwamba kutembea kunaruhusiwa na hakuna anayecheka.

Hatua ya 3: Wafundishe madaktari namna ya kukutumia

Hapa ndipo viungo wengi huharibikiwa mapema. Daktari aliyechoka atakuletea "wagonjwa wasumbufu", na mgonjwa atafika kwako akiwa anajua ametupwa. Au atamwambia, "Nenda kamwone yule dada, atakusaidia na mambo ya kijamii," sentensi isiyosema kitu kwa mtu yeyote.

Mimi nilibandika karatasi nyuma ya mlango wa kila chumba cha daktari, yenye maneno machache ya kusema: "Kwenye timu yetu yuko mwenzangu ambaye ana saa nzima ya kukusikiliza. Anasaidia watu kuhusu nyumba, pesa, upweke, na mengine. Naomba akupigie simu, sawa?" Lenye thamani ni lile la "mwenzangu". Linamwambia mgonjwa kwamba hajatolewa nje ya kliniki.

Na usiwasahau wahudumu wa mapokezi. Wao ndio wanaojua nani anakuja kila Jumatatu bila ugonjwa, kwa sababu kliniki ina joto na kuna mtu wa kumwita kwa jina. Kaa nao asubuhi moja, saa mbili simu zinapoanza kuita zote kwa pamoja. Utaheshimu kazi yao, nao watakumbuka jina lako.

Hatua ya 4: Simu ya kwanza

Simu za kliniki mara nyingi hutokea kwenye kioo bila namba. Mwenye deni hapokei simu isiyo na namba, anajua ni nani hupiga hivyo. Kwa hiyo tuma ujumbe kwanza: jina lako, kliniki, daktari aliyekutuma, saa utakayopiga. Kisha piga saa hiyo hiyo. Asipopokea, jaribu siku nyingine na saa nyingine. Taratibu za ofisi nyingi ni kufunga jalada baada ya simu mbili au tatu zisizopokelewa. Mimi napambana na utaratibu huo kila mwaka. Wanaohitaji zaidi ndio wasiopokea.

Ukimpata, mpe uchaguzi: kliniki, kwa simu, au mkahawa wa maktaba. Nyumbani kwake nenda baada ya kuangalia na daktari kama kuna hatari, na mtu ofisini ajue uko wapi na utatoka saa ngapi.

Hatua ya 5: Kikao cha kwanza, na neno "mawazo"

Tenga saa nzima. Kompyuta ifungwe, viti vikae pembeni kwa pembeni, si meza katikati. Usianze na fomu.

Hapa Mswahili ana mtaji. Sisi hatuingii kwenye jambo bila salamu: habari za nyumbani, watoto hawajambo, wazee huko mlikotoka wanaendeleaje. Mzungu anayesoma hili atadhani ni kupoteza muda. Kwangu ndiyo nusu ya uchunguzi. Ukimwuliza mtu habari za nyumbani naye akanyamaza kabla ya kusema "nzuri", umeshajua pa kurudi. Kama ni mzee, shikamoo yake apewe, hata kama kwenye jalada ni "mteja".

Swali linalotumika sana Scotland si "una tatizo gani" bali "kwako wewe jambo gani ni la muhimu". Linafanya kazi, ila ukilitafsiri hivyo hivyo linasikika kama usaili. Mimi huuliza: "Ukipata nafuu kidogo tu, kitu gani ungependa urudi kukifanya?" Mmoja aliniambia kupika pilau kwa ajili ya watu zaidi ya mmoja. Kutoka hapo tulikuwa na njia.

Kuhusu lugha. Mkalimani wa NHS ni bure, na mtoto asigeuzwe mkalimani wa mama yake hata siku moja. Unapomwagiza, taja ni Kiswahili cha wapi. Mtu wa Lubumbashi na wa Tanga husikilizana, lakini kwenye mambo ya mwili na moyo tofauti ndogo huleta makosa makubwa, na wengine walioandikwa "Kiswahili" kwenye jalada lugha yao ya kulilia ni Kirundi au Kibembe. Halafu kuna neno "mawazo". Mtu akisema "nina mawazo sana", kila Mswahili anajua amelemewa, halali, moyo hautulii. Nimeshuhudia mkalimani akilitafsiri neno kwa neno, daktari akabaki anasubiri aambiwe hayo mawazo ni yapi. Mweleze daktari wako mapema. Nyingi kati ya rufaa zangu za watu wa kwetu zimefichwa ndani ya neno hilo, na pembeni yake kichwa, mgongo na "presha".

Kikao kiishe na mambo mawili: jambo moja dogo utakalolifanya wewe kabla ya Ijumaa, na tarehe ya kuonana tena. Jambo lenyewe lifanyike kweli. Kwa mama wa ukuta, siku ile ile nilipiga picha ule ukuta na kuandika barua kwa mwenye nyumba, daktari akatia sahihi kuhusu afya yake. Ukuta haukukauka kwa barua, lakini wiki iliyofuata alirudi.

Hatua ya 6: Joto na chakula kwanza, kwaya baadaye

Kosa la anayeanza ni kumpeleka mtu mwenye njaa kwenye darasa la uchoraji. Mambo yana mpangilio: usalama, chakula na joto, paa, karatasi, kisha watu. Mambo ya fedha si lazima uyajue yote, ila ujue ya kutosha kumpeleka kwa mshauri sahihi:

- Anayeomba Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo au wasio na kazi, husubiri wiki tano kupata malipo ya kwanza. Anaweza kuomba sehemu mapema, lakini ule ni mkopo na utakatwa. Mwambie kabla hajakubali.
- Scottish Welfare Fund hutoa msaada wa dharura kupitia halmashauri, na haurudishwi. Wengi hawajui kama upo.
- Mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu huomba Adult Disability Payment. Fomu ni ndefu, na watu wetu huijaza kwa adabu: "najitahidi", "namshukuru Mungu". Adabu hiyo huwanyima haki yao. Mwulize siku mbaya inakuwaje, na hiyo ndiyo iandikwe.
- Dawa za cheti Scotland ni bure kwa wote tangu 2011, na basi ni bure kwa walio chini ya miaka 22 na waliofika 60. Bado nakutana na watu wanaokatisha dozi wakidhani watatozwa.

Kusajiliwa kwa daktari wa familia hakuhitaji viza wala uthibitisho wa anwani. Mwomba hifadhi aliyekataliwa naye anatibiwa. Lakini posho ni jambo jingine: mwenye kibali kinachomzuia kupata fedha za umma anaweza kujiharibia akiomba asichoruhusiwa, kwa hiyo asijaze kitu mpaka aonane na mshauri anayejua. Na wewe usiwe huyo mshauri. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai Uingereza. Watakusihi, "wewe ni ndugu, nisomee tu hii barua ya Home Office", yaani wizara inayoshughulikia uhamiaji. Unaweza kuisoma. Usimwambie ajibu nini. Mpigie wakili mkiwa wote wawili mmekaa hapo.

Hatua ya 7: Kusindikiza

Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unatoka naye, mnaongea njiani mpaka njia panda au kituo cha daladala, na mara nyingi neno lenyewe lililomleta hulisema huko njiani, mkono wa kwaheri ukiwa umeshaanza kunyooshwa. Sijaona tafsiri nzuri zaidi ya kazi hii. Kumpa mtu kijikaratasi chenye anwani na namba ya simu ni kumwonyesha mlango.

Fikiria anachokabili. Ni ukumbi asioujua, mvua, lugha inayomponyoka, watu kumi waliozoeana kwa miaka, na yeye akisimama mlangoni na koti lililolowa. Mimi mwenyewe ningegeuza. Kwa hiyo hufanya hivi:

Kabla ya siku, nampigia mwenyeji wa mahali hapo. Sisemi habari za ugonjwa. Nasema jina, kwa ridhaa yake, na ninaomba jambo moja: akifika apewe kazi. Aoshe vikombe, akate vitunguu, apange viti. Mgeni aliyekaa bure anajiona mzigo.

Mara ya kwanza tunakutana kliniki na tunapanda basi pamoja. Ndani ya basi mnakaa ubavu kwa ubavu, hamtazamani usoni, na hapo ndipo nimesikia mambo ambayo saa nzima ya chumbani haikuyatoa. Nakaa naye ndani mpaka chai ya pili. Mara ya pili tunakutana mlangoni, naingia naye, naondoka mapema. Mara ya tatu anakwenda peke yake, na mimi nampigia jioni ile ile, si wiki ijayo.

Baba mmoja kutoka Kivu, mtu mzima aliyekuwa na shamba lake, nilimpeleka kwenye bustani ya mtaa. Wakampa koleo. Akaliangalia, akaligeuza, akaninong'oneza, "Hawana jembe?" Hawakuwa nalo. Akalima na koleo huku uso umekunjamana. Mara ya pili nilipofika alikuwa akibishana nao kwa ishara kuhusu maboga: wenzake walikuwa wanayatupa majani, naye alikuwa anayachuma na kuyakunja kwenye mfuko. Mara ya tatu hakupokea simu yangu. Nikadhani ameacha. Kumbe alikuwa bustanini, simu iko kwenye koti.

Wapo watakaokuambia kusindikiza ni gharama na kiungo hana muda. Ni kweli kunakula muda. Mimi kwa siku huona watu wachache kuliko viungo wanaofanya kazi kwa simu tupu, na kila robo mwaka naulizwa kuhusu namba hizo.

Afrika nako jambo hili linafahamika. Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakizungumza lugha ya watu: kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ndugu yake "mawazo" yetu. Utafiti uliochapishwa 2016, wa watu 573 kwenye kliniki 24, ulionyesha waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika mpaka Zanzibar. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, na Kenya ilituma wahamasishaji wa afya zaidi ya 100,000 mwaka 2023. Kazi yao na yangu zinatazamana: wao huanzia mlangoni pa nyumba na kumleta mtu zahanati, mimi naanzia zahanati na kumrudisha mtaani. Ukiwa umewahi kufanya kazi yao nyumbani, iseme kwenye usaili bila aibu. Ni uzoefu unaotafutwa.

Hatua ya 8: Unapomhudumia mtu wa kwenu

Waswahili wa mji mmoja tunajuana. Utamhudumia mtu Jumanne na Jumamosi utamkuta harusini, amevaa vizuri, amekaa na shemeji zako. Swali hili liulizwe kikao cha kwanza kabisa: "Tukikutana nje, nikusalimie au nipite kama sikujui?" Wengi hucheka. Wachache hupumua kwa nguvu, na hao ndio uliowauliza kwa ajili yao. Mpe pia nafasi ya kuonana na kiungo mwingine, hata Mskoti asiyejua Kiswahili. Kuna siri ambazo ni rahisi kumwambia mgeni.

Usikopeshe wala usipokee pesa. Akileta sambusa, ziende chumba cha wafanyakazi na uandike. Namba yako binafsi usitoe. Simu ya kazi izimwe Ijumaa jioni, na ujumbe wake wa sauti useme nani apigiwe kwa dharura. Nilijifunza hili baada ya mwaka mmoja wa kujibu ujumbe saa sita usiku, nikaishia mimi ndiye ninayehitaji kiungo.

Hatua ya 9: Jambo likiwa la hatari

Mwanzoni kabisa mwambie siri ina mpaka: ukisikia mtoto au mtu mzima dhaifu anaumizwa, au mtu yuko katika hatari ya kufa, utamwambia mwingine. Ukihisi mtu anafikiria kujiua, muulize waziwazi: "Umefikia kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Maneno ya kuzunguka ndiyo yanayomfundisha kwamba hata wewe unaliogopa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Tembea naye mpaka kwa daktari wa zamu. Nje ya kliniki ni 999 kwa hatari ya sasa hivi, 111 kwa NHS 24, simu ya ushauri wa afya ya Scotland, na 116 123 kwa Samaritans, shirika la kuwasikiliza walioelemewa, bure usiku na mchana. Kisha mpigie msimamizi wako siku hiyo hiyo, kwa ajili ya jalada na kwa ajili yako.

Hatua ya 10: Kuandika na kupima

Daktari hasomi kurasa mbili. Andika mistari mitatu: nini kilisemwa kuwa muhimu, nini kimefanyika, nini kinahitajika kutoka kwake. "Chumba kina kuvu, analala kwenye kochi tangu Oktoba. Barua imekwenda kwa mwenye nyumba. Naomba dawa ya maumivu isiongezwe mpaka tuonane tarehe 3." Mstari huo wa mwisho ulimfanya daktari aje chumbani kwangu kwa miguu yake.

Utapewa dodoso la kupima, mara nyingi WEMWBS, la kupima hali njema ya akili, lenye maswali 14. Lisifanywe kikao cha kwanza hata kama msimamizi anataka namba. Mtu asiyekuamini hujibu yote katikati. Na uandike pia wasiofika, pamoja na sababu uliyoijua baadaye: nauli, mtoto mgonjwa, aibu ya viatu.

Hatua ya 11: Kuagana

Tangu mwanzo mwambie mtaonana mara ngapi hivi, sita au nane, ili mwisho usiwe adhabu. Kikao cha mwisho fanya huko huko alikopata watu, si kliniki. Baada ya miezi mitatu piga simu moja, uulize jambo moja mahususi: maboga yameiva? Kama kila kitu kimesimama, mlango haujafungwa, arudi kwa rufaa mpya.

Mama wa ukuta alihamishiwa nyumba nyingine baada ya miezi saba. Kichwa bado humsumbua siku moja moja, na kile chakula cha Jumatano cha ukumbi wa kanisa amekiacha kwa sababu ya zamu za kazi.

Jalada likifungwa, rudi kwenye daftari kabla hujaitwa kwa mwingine. Bibi mwenye miwani ya kamba amelazwa, siku hizi anayefungua mlango ni mjukuu wake, na supu imehamia Alhamisi.